Vitunguu Vilivyolala na Parachichi

Kwa miaka minane Esnath Mtewele wa kijiji cha Yakobi hakuisogelea Meza ya Bwana. Kila Jumapili ya chakula hicho alikaa nyuma pamoja na watoto ambao hawajapata kipaimara, akawaangalia watu wenye makosa makubwa kuliko lake wakipita mbele yake kwenda kula. Na kosa lenyewe lililomweka pale halikuwa lake. Hilo ndilo lililomchoma, na lilimchoma kila wiki bila kupoa.

Ana miaka hamsini na minane, ni mfupi, huvaa sweta mbili mwezi wa Juni na moja mwezi wa Desemba, na kucha zake zina udongo hata siku ya Krismasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza bustani wa nyumba ya wageni ya misioni, nje kidogo ya mji wa Njombe, chini ya Mama Gerda, Mjerumani mrefu mwenye goti bovu aliyekuja kufundisha ushonaji akaishia kupanda maua. Mama Gerda ndiye aliyemfundisha habari za vitunguu vya maua, tulipu hasa, zile nyekundu na njano ambazo watu walitembea kutoka mjini kuja kuzipiga picha.

Vitunguu hivyo si vya kula. Ndani ya kila kimoja ua limeshajikunja tangu mwanzo, dogo kuliko punje ya ulezi, linasubiri. Huko kwao hulala chini ya theluji miezi mitatu, na jua likirudi huamka na kuchanua. Sisi wa Njombe tunajidai kwa baridi, na kweli Julai mtu anaongea huku anatoa moshi mdomoni, lakini baridi yetu haidumu. Ikifika saa nne jua limewaka na watu wanavua makoti. Kitunguu hakielewi mambo hayo ya nusu nusu. Kwa hiyo Mama Gerda alikuwa akikihadaa: mwisho wa Machi anaviingiza vyote kwenye friji, anavilaza wiki kumi, mwanzo wa Juni anavipanda kwenye udongo uliokwisha kupoa, kichwa juu, kina cha kiganja kimoja, kivulini upande wa ukuta, na juu anatandaza majani ya misindano, ile misonobari. Septemba vinachanua.

Sheria ya friji ile ilikuwa moja: lisiingie tunda. Mwaka wake wa pili Esnath aliweka humo mapichi matatu aliyopewa na jirani, akayasahau. Mwaka ule bustani nzima ilitoa majani peke yake. Mama Gerda hakumgombeza. Alichimbua kitunguu kimoja, akakipasua kwa wembe, akamwonyesha kile kiua cha ndani kilivyokauka. Tunda likiiva, alimweleza, linapumua, na pumzi yake inaua ua likiwa usingizini. Kitunguu chenyewe hakifi, kinabaki kizima na majani yake yanapendeza, ndiyo maana mtu hajui lolote mpaka msimu wa kuchanua ufike. Esnath hakurudia kosa hilo.

Miaka minane iliyopita goti la Mama Gerda liligoma kabisa, akarudi kwao. Aliacha vitunguu mia nne kwenye sanduku la mbao ghalani, na funguo za ghala alikuwa nazo Methusela, mtunza ghala, kijana mtanashati mwenye maneno mazuri. Machi ilipofika Esnath akaenda kuvitoa aviingize kwenye friji. Alikuta maganda na vumbi. Alipouliza, Methusela alimwahi: alikwenda mbele ya baraza la wazee wa kanisa akasema amemwona Esnath akitoka na kikapu kilichofunikwa kitenge. Kikapu kilikuwepo kweli. Kilikuwa na viazi vyake mwenyewe.

Alipoteza kazi mwezi ule, na usharika ukamtenga. Sasa, kwa Walutheri wa huku kutengwa kuna mlango wa kurudia, tena mpana. Mtu anasimama mbele ya usharika, anataja kosa lake, anasema anatubu, mchungaji anampa mkono, wimbo unaimbwa, yamekwisha. Wapo waliozaa nje, wapo waliopigana kwenye pombe ya ulanzi, yupo hata aliyeuza shamba la mjane. Wote walisimama wakasema, wakarudi kundini, na leo ndio wanaopitisha kapu la sadaka. Esnath aliambiwa aseme maneno mawili tu, nilichukua, nisameheni, na Jumapili inayofuata angekula na wenzake.

Hakuyasema. Mzee Ezekia, mwenyekiti wa baraza, alifika nyumbani mara tatu kumbembeleza aseme tu yaishe. Mumewe naye alimbembeleza mpaka akafa akimbembeleza. Watu wakaanza kusema kwamba huyu mama ana kiburi, kwamba kilichomweka nyuma si wizi tena bali ni shingo yake ngumu. Yeye jibu lake lilikuwa moja, kwamba hawezi kutubia kosa la mtu mwingine, na akishalisema alirudi kwenye viazi vyake.

Lakini kuna siku moja iliyombadilisha. Binti yake, Janeth, alifunga ndoa katika kanisa lile lile. Wazazi huitwa mbele wakati wa baraka, wakawawekea mikono maharusi. Mlangoni siku hiyo alisimama Methusela, ambaye wakati huo alikuwa ameshachaguliwa mzee wa kanisa, suti ya kijivu, ua kifuani, akielekeza watu pa kukaa. Alimtazama mama wa bibi harusi, akatabasamu, akamwonyesha benchi la nyuma. Mbele aliitwa wifi yake Esnath, akamwekea Janeth mikono. Tangu siku ile Esnath aliacha kumwomba Mungu amsamehe Methusela. Aliomba apewe zamu.

Methusela alizidi kupanda. Alihamia Makambako, akapata kiwanja mtaa wa Lyamkena, akaanza kukusanya parachichi za wakulima na kuziuza kwa mnunuzi wa Ulaya, akajenga chumba cha baridi chenye mlango mnene kama ukuta. Usharika hakuuacha, kila Jumapili gari lake lilikuwa la kwanza uwanjani. Usharika ulipokaribia kutimiza miaka mia, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya jubilei, na alisimama akaahidi mbele ya watu kwamba siku ya jubilei, Jumapili ya pili ya Septemba, uwanja wa kanisa utawaka tulipu elfu mbili kama enzi za Mama Gerda. Watu walipiga makofi. Mnunuzi wake wa Ulaya alimletea vitunguu, na yeye mwenyewe alisoma kwenye simu kwamba vinahitaji baridi wiki kumi. Na nani Makambako nzima ana baridi kuliko Methusela? Akavipanga kwenye chumba chake, kreti kwa kreti, pamoja na parachichi.

Wiki hiyo hiyo ya mwisho wa Machi alifika Yakobi na kilo tano za sukari na blanketi jipya. Alimwamkia vizuri, kamwene Mama Janeth, akakaa kwenye kigoda, akamweleza habari za vitunguu na jubilei, akasema hakuna mwingine anayevijua, aje avitunze kwa heshima ya yule mama aliyewafundisha wote. Esnath alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja.

"Na wazee utawaambia lini?"

Methusela hakuuliza awaambie nini. Alizungusha kikombe chake cha chai.

"Tuache jubilei ipite kwanza, mama. Tusiichafue sherehe ya Bwana."

Kwa hiyo alikuwa amekumbuka yote, kila siku, miaka minane. Esnath aliiweka chai yake chini bila kuimaliza. Akasema sawa, atakuja. Janeth aliposikia alimkumbatia mama yake na kumwambia kwamba kusamehe ni jambo kubwa. Mama yake aliendelea kumenya viazi.

Siku iliyofuata pikapu ya Methusela ilimpeleka Makambako. Ndani ya chumba kile baridi ilikuwa ya kule milimani Ipelele mwezi wa Julai, na kreti za parachichi ngumu zilipangwa mpaka karibu na dari zikisubiri lori. Mwisho kabisa, kwenye pembe, zilirundikwa zile zilizokataliwa na mnunuzi, zilizoanza kulainika, zikisubiri wachuuzi wa kwenda Mbeya. Harufu yake ilimfikia hata kabla hajavuta pumzi sawasawa. Vitunguu vilikuwa karibu na mlango. Alichukua kimoja. Kilikuwa kigumu, kizito, ganda lake la hudhurungi safi. Vitunguu vizuri kuliko alivyowahi kupewa na Mama Gerda.

Hapo alikuwa na nafasi. Ofisini kulikuwa na friji mbili kubwa zilizojaa soda, na neno moja lingetosha soda zitolewe na vitunguu viingie. Methusela alikuwa amesimama nyuma yake, anasugua mikono kwa baridi, akauliza kama pale pako sawa.

"Mlangoni baridi inatoroka kila mnapofungua," Esnath alisema. "Visogezeni kule ndani, kwenye pembe."

Vibarua wakavisogeza, kreti kumi na nane, vikakaa bega kwa bega na parachichi zilizoiva. Masikio yake Esnath yalipata moto, maana hakuzoea kusema uongo. Aliagiza pia mlango uwe unafungwa vizuri, harufu isipotee. Yeye alisema baridi isipotee. Harufu aliisema moyoni.

Alikwenda Makambako kila baada ya wiki mbili. Alivipekua kimoja kimoja, akatoa vilivyoanza kuoza, akavigeuza, akafanya kazi yake kwa namna ambayo hata Mama Gerda asingepata la kusema. Kila mara alikuta pembe ile ina parachichi mpya zilizoiva mahali pa zile zilizouzwa, akaridhika. Wiki zile kumi alipata usingizi ambao hakuupata kwa miaka minane, akanenepa mpaka majirani wakamuuliza anakula nini.

Shida ilikuwa moja. Methusela alianza kuwa mwema. Siku ya kupanda, mwanzoni mwa Juni, alivaa buti akachimba pamoja na vijana wa usharika, akamletea Esnath chai kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kumwita dada. Esnath alipima kina kwa kiganja, akaonyesha kichwa kiwe juu, akatandaza majani ya misindano, na chai aliimwaga nyuma ya kanisa Methusela alipogeuka. Hakutaka wema wa mtu yule. Alitaka Septemba.

Julai umande uliganda ukawa barafu juu ya majani ya misindano, na Agosti machipukizi yakatoboa, yote elfu mbili, mistari imenyooka, majani manene ya kijani chenye ubuluu. Picha zilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Watu wakaandika amina, Methusela akaandika kwamba sifa ni za Mama Janeth, mwanamke mwenye moyo asiowahi kuuona. Esnath alisoma ujumbe ule, akazima simu. Mwisho wa Agosti alipiga magoti bustanini peke yake, akatenganisha majani ya kitunguu kimoja, kisha cha pili, kisha cha kumi. Katikati palikuwa na kitu kikavu chepesi, rangi ya majani ya chai yaliyochujwa. Alitazama kwa muda mrefu, akayarudisha majani yalivyokuwa.

Mwanzo wa Septemba watu wakaanza kuuliza. Wiki ya jubilei wakaanza kucheka. Wengine walisema mwenyekiti amewapandia vitunguu vya supu, mwingine aliuliza kwa sauti, mbele ya kamati nzima, kama vitauzwa kwa mafungu. Methusela alikuwa akizunguka bustani asubuhi na jioni, suruali imelowa umande, uso umesawajika. Ukitaka, mwone Esnath vibaya. Ni haki yako. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, halafu akafurahi tena.

Jumapili yenyewe ilifika na jua zuri. Matarumbeta yalikuja kutoka sharika za jirani, wageni wakajaza mahema, na wote walipita pembeni ya yale majani elfu mbili wakielekea kanisani. Kabla ya Chakula cha Bwana, Methusela aliomba kipaza sauti. Esnath alikuwa kwenye benchi lake la nyuma, amejiweka sawa, anasubiri kumsikia akijitetea.

Methusela hakujitetea. Alisimama mbele, akavua koti lake la suti, akasema:

"Udongo ni ule ule. Baridi niliipata. Mikono ni ile ile ya Mama Janeth. Maua yamekataa kwa sababu yangu. Vitunguu vya Mama Gerda niliviuza mimi. Huyu mama sikumwona na kitu, nilimsingizia, nikamwacha akae nyuma miaka minane. Na bado amekuja Makambako kuvitunza vya kwangu, wala hakunidai lolote. Mungu amenifungia maua ili nifungue mdomo."

Akaanza kulia. Kanisa zima likalia naye. Mtu mmoja alianzisha wimbo, vigelegele vikapigwa, Mzee Ezekia akatoa leso, na Mchungaji Haruni, kijana mwenye huruma nyingi, akashuka akamkumbatia Methusela mbele ya wageni wote. Wanawake wa jikoni waliochungulia mlangoni walimgeukia Esnath wakamtazama kama mtakatifu.

Miaka minane alikuwa amesubiri maneno yale, na sasa yamesemwa, mbele ya watu wengi kuliko alivyothubutu kuomba. Jina lake lilikuwa safi. Lakini tazama wanalia kwa ajili ya nani. Mtu ameiba, amesingizia, amemfukuza mama kwenye baraka ya binti yake, na sasa anapigiwa vigelegele kwa sababu amesema. Kesho watamsifu kuliko jana. Wizi wake umegeuka ushuhuda, na kisasi cha Esnath, alichokifanyia kazi wiki kumi kwenye baridi, kimepewa Mungu. Alihisi ameibiwa kwa mara ya pili, na mtu yule yule.

Mchungaji alimwita mbele. Watu walimpisha, wengine walimgusa bega. Janeth alikuwa benchi la pili na mtoto mgongoni, analia huku anacheka. Methusela alinyoosha mikono yote miwili. Mezani mkate ulikuwa tayari, na Mchungaji, kama utaratibu unavyodai, alimuuliza kama ana neno lolote na mtu yeyote kabla hajasogea. Kilichotakiwa ni kusema sina. Wote walikuwa wakilisubiri neno hilo, na kwaya ilikuwa imeshasimama.

Esnath alichukua kipaza sauti. Hakumtazama Mchungaji, alimtazama Methusela.

"Mungu hajafunga ua hata moja," alisema. "Nimeyaua mimi. Vitunguu havilazwi na tunda linaloiva, nilijua siku ya kwanza nilipoingia kwako. Nilisema makusudi visogezwe kwenye parachichi zako zilizolainika, na kila nilipokuja nilikuja kuhakikisha bado vipo pale. Nilikupa nafasi nyumbani kwangu ukaniambia tuache jubilei ipite. Basi hii ndiyo jubilei."

Kwaya ilikaa, mmoja mmoja. Mikono ya Methusela ilibaki imenyooka kwa muda halafu ikashuka, na machozi yake yakakatika. Uso wake ulionyesha hesabu inapangwa upya, pembe ya chumba, mlango, wiki kumi, kila kikombe cha chai alichompelekea. Ndipo Esnath alipoona kile alichokiomba tangu harusi ya Janeth, nacho kilikuwa kitamu kama alivyotegemea. Hakukuwa tena na mtu aliyemshika Methusela mkono.

Mchungaji Haruni alifungua kitabu chake, akakifunga. Hakikuwa na ukurasa wa mtu anayerudishwa kundini na kutoka papo hapo. Mzee Ezekia alimnong'oneza jambo sikioni, na mchungaji akashika njia anayoijua, ile pana, iliyowarudisha wote waliotangulia.

"Mama Janeth," alisema polepole, "umekiri mwenyewe. Hilo ni jema. Je, unatubu?"

Esnath alilitafuta jibu kwa dhati. Alimtazama Janeth, ambaye alikuwa ameacha kucheka. Aliutazama mkate, ambao alikuwa anautamani kweli, wala hakuna aliyejua ni kiasi gani. Kisha akamtazama Methusela, amesimama peke yake na koti lake mkononi, hajui alivae au aende nalo hivyo hivyo.

"Bado, Mchungaji," alisema.